Mkutano wa Maji Mafu

Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, mwenye shughuli na bahari huhesabu mwezi wa angani kwanza. Mradi uliokuja kuwainua kina mama ulihesabu kalenda ya ofisini tu. Ukaita mkutano saa nne asubuhi, tena siku ya bamvua, wakati maji yamekupwa mbali na kila mama mwenye shamba la mwani yuko huko anafunga mbegu kwenye kamba.

Mimi nilikuwa kibarua wa kuandika mahudhurio. Walikuja wazee wa kiume na vijana walionusa posho. Kina mama wanataka nini? Vyerehani, wakajibu. Na vyerehani, kumbe, vilikuwa tayari vimeshaandikwa kwenye bajeti.

Shangazi yangu alikuwa akipita na gunia kichwani, maji yanamchuruzika. Akasimama.

"Mnatugawia nasi hatupo? Mwanangu, waambie wageni wako waje maji mafu. Hapo tutakaa nao hata mpaka magharibi."

Wakaja maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi mbali, na safari hii nafasi ya kukaa ilikosekana. Vyerehani vilizikwa kwa swali moja: "Nani atashonesha?" Bwana wa mradi akahamia kwenye kotonii, aina ya mwani yenye bei kuliko aina nyingine, spinosamu. Kina mama wakacheka. Walishaupanda, ukaoza, maana maji ya kina kifupi yakipata joto hauvumilii. Huko kwenye kina kunataka chombo, na wengi wao hawajui kuogelea.

Kisha wakasema yao. Mwani hukaa wiki sita baharini, na kilo saba au zaidi mbichi ikikauka hubaki moja. Wakianika chini unashika mchanga, ukinyeshewa unaharibika. Kwa hiyo vichanja na maturubai. Lakini kubwa lilikuwa mizani.

"Mnunuzi ndiye anayetukopesha kamba," akasema shangazi, "bei yake, mizani yake. Sisi chetu nini?"

"Mizani si mradi, mama."

"Basi tuletee hiyo isiyo mradi."

Ilichukua barua nyingi, lakini ilifika. Mnunuzi akaikagua, akadai ya kwake ndiyo sahihi. Shangazi akatuma mtoto dukani kuazima mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, umeandikwa kilo 25. Ukapimwa kwa zote mbili, watu wote wanatazama. Yetu ilisoma 25 na ushei kidogo, uzito wa mfuko wenyewe. Yake ilisoma 22.

Siku hiyo alilipa kwa yetu, akidai ya kwake imeingia chumvi.