Stroberi gani inakaa? Inategemea inaenda wapi

Kila mara kuna mtu ananiandikia kuuliza ni aina gani ya stroberi inakaa zaidi bila kuharibika, na najua anachotaka ni jina moja tu akanunue miche kesho asubuhi. Majina nitataja, lakini kwanza nijibu wewe: hiyo stroberi yako kesho jioni itakuwa wapi? Kama ni ya kuuzwa hapo Limuru kando ya barabara na kuliwa ndani ya gari kabla watu hawajafika Westlands, hiyo ni stori moja. Kama itapanda matatu, ishukie mjini kwenye jua, ipite kwa broka, iingie supamaketi na ikae kwa rafu ikingoja mteja mwenye mkono wa kubonyezabonyeza, hiyo ni stori nyingine kabisa na hata aina ya kupanda inabadilika.

Huku pande za Kiambu nyingi utakazokuta ni Chandler. Ilitolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983, lakini imezoeleka huku mpaka kuna wazee wanaiita stroberi ya kienyeji. Utamu inao, harufu inayo, na ndani ni nyekundu hadi katikati, ndio maana watu wa jemu na yogati hawaiachi. Shida yake ni ulaini. Chukua Chandler iliyoiva vizuri uibonyeze na kidole gumba, si kwa nguvu, halafu iweke kando uendelee na kazi zako. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye pale ulipobonyeza panakuwa rangi ya damu ya mzee, ngozi inalegea, na kesho yake hapo hapo ndipo maji yanaanza kutoka na kulowesha zile za chini. Sasa fikiria mtu anayechuma kwa kushika tunda zima na kulivuta, badala ya kukata kikonyo kwa kucha na kuacha kofia yake ya majani juu. Amebonyeza kila moja kabla hata haijaingia kwa kopo.

Camarosa na Albion zimetoka chuo hicho hicho, Camarosa miaka ya 90 na Albion baada ya 2000, na ukizishika tu unajua walioziunda walikuwa wanawaza lori. California inalisha Marekani karibu yote stroberi, mzigo unavuka nchi nzima siku kadhaa barabarani mpaka miji ya mashariki, kwa hivyo tunda laini huko halina kazi. Albion ni ngumu, inang'aa, ina umbo la pia, na ukiiacha iive kweli ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Camarosa nayo ni kubwa na inavumilia sana, ila ikikaa kwenye baridi rangi inazidi kukolea mpaka mteja anaona imezeeka, kumbe ndani iko sawa tu. Hapo utapoteza bei bila kupoteza tunda, na hiyo inauma zaidi.

Uingereza waliwahi kuwa na kesi ya tunda gumu la safari, Elsanta, stroberi ya Uholanzi iliyotawala supamaketi zao miaka mingi kwa sababu inakaa na inasafiri, na miaka hiyo yote walaji wakanung'unika kwamba haina ladha. Upande wa pili Wafaransa wana Mara des Bois, harufu yake ni ya stroberi ya msituni kabisa, lakini ni laini mno, hiyo unanunua asubuhi sokoni na mchana imeisha. Kukaa na utamu mara nyingi havipandi gari moja. Mtu akikuambia ana miche yenye vyote viwili asilimia mia, mwombe akuonyeshe tunda lenyewe, la juzi.

Halafu kuna hii ya kuchuma mapema ili zikae. Ndizi unaweza kukata mbichi ukaivundika, parachichi pia, embe pia. Stroberi haiko hivyo. Ikishachumwa, sukari haiongezeki tena. Rangi itakolea, ndio, ile ya mabega meupe, yaani nyeupe pale juu karibu na majani, itakuwa nyekundu kwa kopo na mteja ataingia mtego, lakini ladha ni ile ile ya maji uliyoichuma nayo. Kwa hivyo mabega meupe chini ya majani si dalili ya tunda la kukaa, ni dalili ya mteja ambaye harudi. Ya kusafiri chuma ikiwa robo tatu nyekundu au zaidi, ya karibu ngoja iive yote.

Lakini sasa hapa ndipo nabishana na wengi: hata ukiwa na Albion, saa la kwanza baada ya kuchuma ndilo linaamua. Stroberi bado inapumua ikishatoka kwa mmea, na kwenye nyuzi 20 inapumua karibu mara kumi ya vile inavyopumua kwenye sifuri, yaani inajila yenyewe. Mashamba makubwa yanakimbiza mzigo kwenye baridi ndani ya saa moja, feni zinavuta hewa baridi ipite katikati ya makopo, na lengo ni nyuzi 0 hadi 1 na unyevu wa hewa asilimia 90 hadi 95. Hapo tunda zuri linafika wiki moja. Na kumbuka wanapoza kwa hewa, si kwa maji kama wanavyofanya mboga zingine, kwa sababu stroberi ikilowa umekaribisha ukungu.

Sisi wa robo ekari hatuna hizo feni, najua. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijachoma, weka kivulini mara moja, na kopo lisizidi kina cha matunda mawili matatu. Stoo ya makaa, ile ya kuta za makaa yanayomwagiwa maji, inasaidia kushusha joto na kuleta unyevu lakini haitakufikisha karibu na sifuri, hiyo ni ya kushikilia mzigo mpaka gari lije. Vikundi vingine vimeweka CoolBot, kifaa kinachoidanganya eyakondishena ya kawaida iendelee kupoza mpaka chumba kiwe baridi kweli, na kwa kikundi chenye umeme wa uhakika naona ni hesabu inayoingia akilini. Ukishapoza, usitoe mzigo baridi ukauanika kwenye joto, utaona matone yanatokea juu ya tunda kama limetoka jasho, na ule ukungu wa kijivu unangoja hayo tu.

Huo ukungu wenyewe, Botrytis, watu wanadhani unaingia stoo. Mara nyingi unaingia wakati wa maua, unajificha ndani ya tunda changa kimya, halafu tunda likiiva na kuwa tamu ndio unaamka. Na kwenye friji haufi, unapunguza mwendo tu. Ndio maana msimu wa mvua ndefu hata aina ngumu inakuaibisha, na ndio maana kumwaga mbolea ya naitrojeni ili tunda linenepe ni kujitafutia tunda laini lenye majani mengi yasiyopitisha hewa. Nyasi kavu chini ya tunda na kuokota yaliyooza shambani vinafanya kazi kubwa kuliko dawa ya mwisho wa msimu. Kwa kopo pia, moja ikiota manyoya itoe pamoja na majirani zake walioigusa, usiifute ukairudisha.

Kwa wale wa nyumbani tu: usioshe zote ukifika. Osha za kula sasa, majani yakiwa bado juu ili maji yasiingie ndani, zingine zipange juu ya karatasi ya tishu kwenye chombo kisichofungwa kabisa, sehemu ya baridi zaidi ya friji. Kuna wanaozichovya maji ya moto ya nyuzi 50 kama nusu dakika kisha wanazikausha vizuri, inapunguza ukungu kweli, lakini bila kipimajoto utapika jemu bila kutaka.

Na za friza, hapa Chandler inarudi kuwa mfalme. Toa majani, tandaza kwenye trei zisigusane, zikiganda kama mawe ndio uzitie mfukoni. Barafu ikiota ndani inapasua tunda, hivyo zikiyeyuka zitalegea hata ufanyeje, ni za smudhi na jemu. Usimuuzie mtu wa keki.