Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa hesabu Kigoma, AP, GP na dagaa wa Kibirizi

Saa 11 na nusu alfajiri. Alamu imelia, nimeizima, imelia tena. Leo Kidato cha Tatu wanaanza AP na GP, ile mifuatano ya namba, AP unajumlisha namba ileile kila hatua, GP unazidisha, na jana usiku nililala sina mfano hata mmoja wa maana, maana kitabu kinataka nihesabu viti vya ukumbi wa sinema, mstari wa kwanza viti 20, wa pili 22, sasa jamani nani darasani kwangu ameingia ukumbi wa sinema.

Saa 12 na robo niko mwaloni Kibirizi, nimefuata dagaa wa nyumbani kabla ya shule. Mitumbwi inaingia, vijana wanashusha ndoo, maji yanachuruzika miguuni, mama ninayenunua kwake siku zote ameshamwaga wake juu ya kichanja anawatawanya kwa mkono asirundikane hata mmoja. "Mwakeye mwalimu, leo wachache." Nimelipa, njiani kichwa kikawaka: mvuvi kapata ndoo 10 usiku wa kwanza, kila usiku zinaongezeka 5, usiku wa saba ngapi? Hiyo si AP hiyo, nikajiona fundi kweli.

Saa 2 na dakika 40, darasani. Nimeandika ubaoni 10, 15, 20, nikawaambia ukiona kila namba inaongezwa kitu kilekile hiyo ni AP, na usiku wa saba ni 10 jumlisha 5 mara 6, yaani 40. Mara 6 na si 7, kwa sababu usiku wa kwanza hakuna kilichoongezeka, na hapo ndipo nusu ya darasa huwa inaangukia kila mwaka, kwa hiyo nikarudia mara tatu. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono.
"Madam, usiku wa saba mbalamwezi."
"Imefanyaje?"
"Dagaa wanafuata taa, mwezi ukiwaka hawaji. Watu wanalala tu nyumbani."
Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Ana haki. Mfano wa maisha halisi ambao mwenye maisha hayo anaukataa ni viti vya sinema tu vilivyopakwa shombo.

Saa 4, chai na mihogo, ofisini kelele za kawaida.

Saa 5 mkondo wa pili, hawa nikawapa mkopo wa mtaani, ule wa kausha damu. Umekopa laki moja, riba 20 kwa 100 kwa mwezi, hujarudisha hata mia. Kama riba inahesabiwa kwenye ile laki tu, deni linaenda 120,000, 140,000, 160,000, mwezi wa nne 180,000, kila mara elfu 20 ileile, AP. Ila kama riba inazaa riba unazidisha kwa 1.2 kila mwezi, 120,000, 144,000, 172,800, 207,360, hiyo sasa GP. Mwanzoni zinafanana, mwezi wa kwanza ni sawasawa kabisa, ndo maana watu wananaswa. Nikawaambia wapige hadi mwezi wa 12. AP ikatoka 340,000. GP ikagoma kidogo kwa sababu kuna waliozidisha 1.2 mara 12 badala ya kuipandisha kipeo cha 12, mwishowe ikaja 891,610 na darasa likanyamaza. Binti mmoja wa mbele akauliza polepole, "madam utajuaje wamekuandikia ipi?" Nikamwambia omba uandikiwe deni la mwezi wa pili, likiwa 144,000 kimbia.

Mchana umepita hivyohivyo, kikao, jua kali, boda hadi nyumbani Gungu.

Saa 1 usiku nasahihisha. Niliwaambia kila mmoja atunge swali lake na wengi wamebadilisha namba zangu tu, mmoja kaweka sungura wanaozaa mara tatu kila wiki, sijui sungura wa wapi hao. Nikafika daftari la yule kijana wa mbalamwezi: "Mvuvi alipata ndoo 40 usiku wa kwanza. Mwezi unakua, kila usiku zinapungua 5. Ni usiku wa ngapi hatapata kitu?"

Nikapiga mwenyewe, usiku wa tisa. Kesho ndo linaandikwa ubaoni, la kwangu nimeshalifuta.