Dada aliitwa mara tatu

Juzi nilimsindikiza dada yangu kliniki. Ni kiziwi tangu utotoni. Tulifika saa moja asubuhi, nikatoka kidogo kununua maji. Niliporudi, waliokuja nyuma yetu walishaonana na daktari, na faili la dada limerudishwa chini ya rundo.

"Tumemwita mara tatu, hakuitika," nesi akaniambia.

Angeitikaje? Alikuwa benchi la mbele kabisa, kadi kaishika kwa mikono miwili, macho hayabanduki mlangoni, akijaribu kusoma midomo ya kila aliyetoka.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkalimani wa lugha ya alama ni haki yake, nami sitaacha kuidai. Lakini siku ile hata namba iliyoandikwa ingetosha. Ingemfaa na bibi yeyote asiyesikia vizuri. Nilimwambia nesi hivyo. Akachukua mkasi, akakata boksi la glavu vipande, akaandika namba kwa maka. Ilipoinuliwa 14, dada alisimama kabla sijamgusa bega.

Ndani, daktari akaanza kuniuliza mimi. Nikamwomba amtazame mgonjwa wake, amwandikie. Waliandikiana kurasa mbili. Sikuzisoma.