Usiku wa pasi tatu za mkaa

Jumatano ile, tarehe 7 Desemba 2011, kamba zote za uani kwetu Tandika zilikuwa zangu. Wapangaji wenzangu walianua nguo zao mapema wakaniachia nafasi, na kufikia saa kumi jioni zilikuwa zinaning'inia fulana 36 nyeupe, kila moja ina jina la klabu ya jogingi ya mtaani kwetu, na chini yake, kwa kijani kilekile, MIAKA 50 YA UHURU, 1961–2011. Sikukuu yenyewe ilikuwa Ijumaa. Vijana wa klabu walitaka kukimbia alfajiri wakiwa sare, na sare hizo nilikuwa nimezichapa mimi, chumbani kwangu, kwa fremu moja.

Nilikaa juu ya ndoo ya maji nikaziangalia mpaka giza likaingia.

Kazi hii nilikuwa nimeianza mwezi wa tisa, baada ya kuzungukazunguka Kariakoo nikiwatazama mafundi. Fremu alinichongea seremala mmoja wa Keko kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mtu. Nilitaka mbao laini kwa kuwa ni rahisi, akanikatalia, akasema ikilowa mara mbili tatu itapinda, na kila utakachochapa kitapinda nayo. Nilimsikiliza, na fremu ile ninayo mpaka leo. Kitambaa cha skrini, wavu mwembamba unaopitisha rangi, nilikinunua kwa mita. Tulikivuta mimi na mdogo wangu wa kike. Yeye anashikilia kona, mimi napiga pini za stepla, mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama dufu.

Kilichonitesa ni dawa ya kupaka kwenye skrini ili kupata maandishi. Kuna ile nzito, kama uji, na kuna unga wake wa rangi ya chungwa wa kuchanganyia, ambao ni sumu, haushikwi kwa mkono mtupu. Ukishachanganya, dawa inaogopa mwanga. Unaipaka kwenye skrini ndani ya chumba cha giza, nyembamba na sawasawa, inakauka humohumo gizani. Halafu unaweka juu yake karatasi ya trasingi, inayopitisha mwanga, yenye maandishi meusi, unakandamiza kwa kioo, unatoka nayo juani. Jua linapoipiga dawa, inakuwa ngumu. Chini ya wino mweusi jua halifiki, kwa hiyo pale inabaki laini, na ukimwagia maji inatoka, inaacha tundu lenye umbo la herufi. Kwenye tundu hilo ndiko rangi inakopita.

Mara ya kwanza niliiacha juani dakika tano. Nikamwaga maji, nikasugua kwa sifongo, nikasugua tena: hakuna herufi hata moja iliyofunguka. Jua la saa saba la Dar es Salaam lilikuwa limepenya mpaka kwenye wino. Nikafuta, nikaanza upya. Nikapunguza ikawa dakika tatu, kisha mbili. Mwisho, kwa dawa ile na jua lile, nikagundua kwamba sekunde 70 zilitosha. Wiki mbili nzima zilikwenda kwenye kuitafuta hiyo dakika moja na sekunde kumi. Siku maji yalipopita na herufi ya kwanza ikajifungua, safi, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe, nilimwita mdogo wangu aje aone. Ilikuwa herufi M.

Kwa hiyo katibu wa klabu aliponijia mwishoni mwa Novemba, nilijua ninaweza. Tulikubaliana shilingi 6,000 kwa fulana. Alinipa nusu, nikanunua dazeni tatu Kariakoo, na moja ya ziada kwa ajili ya majaribio.

Siku ya kuchapa niliamka saa kumi na moja, nikitaka kulikwepa joto. Chini ya kona za fremu niliweka sarafu za shilingi mia, ili skrini isiilalie fulana. Inatakiwa iguse pale tu mpira wa kuvutia rangi unapopita, kisha inyanyuke yenyewe nyuma yake. Ndani ya kila fulana niliingiza kipande cha boksi, rangi isivuje hadi mgongoni. Unamwaga rangi upande wa juu, unaulaza mpira kidogo, unavuta kuelekea kwako kwa mkono mmoja usiosita. Ukisita katikati, mstari unabaki pale uliposita. Ukiinua skrini unasikia mlio mdogo, kama mtu anabandua plasta, na maandishi yapo, yanang'aa, yamelowa. Mlio ule naupenda mpaka leo.

Ilipofika saa nne rangi ikaanza kunikaukia kwenye skrini, herufi nyembamba zikaziba. Nikajifunza hapohapo kutoiacha skrini kavu hata sekunde chache: nikimaliza fulana moja naivuta rangi irudi juu ya maandishi, na kila baada ya fulana tano nafuta kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Zote 36 zikatoka sawa. Ndiyo maana nilikaa juu ya ndoo nikaziangalia.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakunja fulana ndani, mdogo wangu anafua uani. Akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Kaka, hebu njoo."

Alikuwa amechanganya na nguo zake ile fulana ya majaribio, niliyokuwa nimeivaa jana yake nikijidai nayo mtaani. Maji ya beseni yalikuwa ya kijani. Alinyanyua fulana akapitisha kidole gumba juu ya neno UHURU, na neno likaondoka chini ya kidole chake, kama ngozi ya maziwa ya moto unapoigusa kwa kijiko. Ilibaki alama hafifu, mahali rangi ilipokuwa.

Sikusema kitu. Nilirudi ndani, nikachukua moja ya zile 36, nikalowesha kona ya herufi kwa maji na sabuni, nikasugua. Ikatoka. Nikakaa sakafuni katikati ya fulana za watu. Hela ya katibu ilikuwa imekwisha, muda umebaki siku moja, na mimi sikuelewa kosa langu liko wapi, maana rangi ilikuwa imekauka kabisa. Nilikuwa nimezigusa moja moja.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anakaa mzee mmoja mstaafu. Alikuwa amefanya kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968, upande wa kuchapa kanga na vitenge. Hilo nilikuwa nalijua muda wote, na kwa miezi mitatu sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Nilimkuta barazani na redio yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekupauka?"

Nikampa fulana. Aliigeuza, akatazama upande wa ndani, akakwaruza herufi kwa ukucha, akainusa. Kisha akaniuliza, "Umeipika?"

Nikamwambia niliianika juani siku nzima.

"Hiyo umeikausha. Nakuuliza umeipika?" Akaniwekea fulana magotini. "Rangi hii ndani yake kuna gundi inayoishika kwenye uzi. Jua linatoa maji tu, gundi inabaki mbichi. Kule kwetu kitambaa kikitoka kuchapwa kilikuwa kinapitishwa kwenye joto kali ndipo kinaoshwa. Bila hivyo, kanga ingekuwa inabaki kwenye beseni, mwenyewe anaondoka na shuka jeupe. Una pasi?"

Pasi ya umeme nilikuwa nayo. Umeme ndio haukuwepo. Mwaka ule wote ulikuwa wa mgao, mvua zilikuwa chache na bwawa la Mtera limepungukiwa maji. Kufikia Desemba hali ilikuwa na nafuu, lakini siku hiyo ulikatika tangu asubuhi na hakuna aliyejua utarudi saa ngapi.

"Basi tafuta za mkaa," mzee akasema. "Tena za mkaa ni nzuri zaidi, ni nzito."

Mdogo wangu ndiye aliyezunguka kuazima. Ya kwanza ilitoka kwa mama mwenye nyumba, ya pili kwa mama anayeuza vitumbua pale kona, ya tatu mzee alimtuma mjukuu wake akaitoe stoo. Ile ya stoo ilikuwa pasi ya zamani hasa, ya chuma kizito, ile yenye kijogoo cha shaba mbele kinachofunga mfuniko. Kijogoo kimelainika kwa kushikwa mpaka macho yamefutika. Tuliwasha jiko uani. Mzee alileta kiti chake, akaagiza jani la mgomba la kusafishia pasi, akaagiza na karatasi za kaki. Mimi nilikuwa nimeshachukua gazeti. Akalisukuma pembeni kwa fimbo: "Wino wa gazeti utahamia kwenye nyeupe yako."

Fulana ya kwanza tuliipika kwa kubahatisha. Kaki juu, pasi juu ya kaki, sehemu moja hesabu polepole mpaka mia, kisha sogeza. Maandishi yalikuwa mapana, kwa hiyo fulana moja ilichukua karibu dakika kumi. Harufu ikabadilika. Rangi ile ikiwa mbichi ilikuwa na harufu kali kidogo, ya kuchoma pua. Sasa ikaja nyingine, kama ya nguo iliyotoka kupigwa pasi siku ya Idi. Tukaitia kwenye maji ya sabuni. Mzee mwenyewe akainama, akaisugua kwa vifundo vya mikono yote miwili, akaikamua, akaikunjua.

UHURU ilikuwa palepale. Maji yalikuwa meupe.

Hapo ilikuwa yapata saa tisa alasiri na zilikuwa zimebaki 35. Pasi mbili zinafanya kazi, ya tatu inapata moto. Mdogo wangu alishika moja, mimi nyingine. Mama mwenye nyumba alipomaliza kupika akaja akampokea mdogo wangu, kisha wapangaji wengine nao wakapokezana. Usipoipepea pasi ya mkaa inapoa, ukiipepea sana inatema cheche. Tuliitoa nje kwenye upepo, tukairudisha. Saa mbili usiku cheche moja ilipita pembeni ya kaki ikatua begani mwa fulana, ikatoboa tundu dogo lenye ukingo wa kahawia. Nikaiweka kando. Tuliendelea kwa taa ya chemli. Mzee hakuondoka. Kila fulana iliyomalizika aliipokea, akaigeuza, akakwaruza kwa ukucha herufi mbili tatu, na alizirudisha nne. "Hapa kwenye nukta haijaiva. Rudia."

Umeme ulirudi saa tano kasoro. Zilikuwa zimebaki tatu. Nilisimama kutaka kuchomeka pasi yangu, mzee akasema, "Malizia na hiyohiyo, mkono umeshaizoea." Nikamalizia nayo.

Katibu alikuja saa kumi na nusu alfajiri, nikamkabidhi 35. Nilimweleza yote, la beseni na la cheche, nikamkatia fulana moja kwenye hela niliyobaki kumdai. Saa kumi na mbili walipita mbele ya nyumba yetu wakiimba, nyeupe na kijani, na mzee alikuwa barazani kwake. Ile yenye tundu begani aliivaa yeye. Alikuwa ameiomba usiku uleule.

Mchana nikarudisha pasi, nimemwaga majivu, nimezifuta kwa mafuta kidogo zisishike kutu. Mama wa vitumbua hakutaka hela ya mkaa. Aliingia ndani akatoka na aproni yake ya kitambaa cha jinzi.

"Niandikie hapa VITUMBUA VYA MOTO," akasema. "Na uipike."

Skrini nilikuwa nayo moja tu. Niliitandaza uani, nikaipaka Jik pande zote mbili kwa brashi, nikaacha dakika kadhaa. Dawa ikaanza kulainika. Nikamwagia maji, jina la klabu likaondoka kwanza, kisha 1961, kisha MIAKA 50. Niliinua fremu nikaiangalia dhidi ya jua kuhakikisha hakuna tundu lililobaki limeziba, nikaiegemeza ukutani ikauke, nikaenda steshenari kuchapisha trasingi mpya.