Siku moja maishani mwangu: kutafuta kwadi ya kusukuma mchanga, Malindi

Saa 11 alfajiri

Kabla ya adhana nilikuwa macho, na kwa mlio wa makuti tu nilijua upepo haukulala. Ni mwezi wa Agosti, kusi liko katika nguvu zake. Nilitoka na tochi hadi langoni. Mchanga umepanda tena juu ya njia, tuta refu kutoka ukuta wa baharini hadi karibu na kisima, na mahali pengine wafika magotini. Jana jioni njia hiyo ilikuwa safi. Tuliisafisha watu watatu kwa sepetu na wilbaro, kuanzia Alasiri hadi Magharibi.

Mimi ni msimamizi wa kiwanja cha ekari 6 upande wa Mambrui. Kuna minazi, miembe michache, nyumba mbili za wageni, na njia ya murram yenye urefu wa mita 300 hivi. Mto Sabaki hushusha udongo na mchanga kutoka bara, ukaumwaga baharini kusini yetu. Kusi likivuma, mkondo wa maji huusukuma mzigo ule kuja huku kaskazini, mawimbi yakautupa ufuoni, kisha upepo ukaokota ule mkavu na kutuletea mlangoni. Yale matuta makubwa ya Mambrui ambayo watu huja kuyapiga picha yametokana na mchanga huu huu.

Miaka miwili nimemwomba mwenye kiwanja, aliye Nairobi, atununulie kwadi, yaani ile pikipiki ya magurudumu manne. Wiki jana alikubali: laki 6, iliyotumika, iweze kuvuta trela la nazi na mapipa ya maji, na iweze kufungwa bamba la kusukumia mbele. Leo ndiyo siku ya kwenda kutazama.

Saa 1 asubuhi

Mahamri na mbaazi, chai ya maziwa. Vijana wameshaanza na sepetu. Mwenye kiwanja akanitumia picha kwenye simu: kwadi nyekundu inayong'aa, laki 3 na nusu tu, iko Malindi mjini. "Hii hapa, mbona watafuta mbali?" Nikamwambia nitaitazama, na nilimaanisha. Lakini picha haionyeshi chini ya fremu.

Saa 2 na nusu

Matatu hadi mjini, tukavuka daraja la Sabaki, maji mekundu kama chai ya mkandaa. Fundi wangu alinisubiri karibu na soko na mkoba wake: spana, bisibisi, tochi, jeki ndogo ya gari, na kipimo cha upepo wa tairi. Amefanyia kazi kwadi za ufukweni kwa miaka mingi, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kwadi ni za aina mbili na hazifanani ila kwa mbali. Kuna za mbio: nyepesi, cheni nyuma, magurudumu mawili tu ndiyo yanayosukuma. Na kuna za kazi: mashafti badala ya cheni, nguvu kwa magurudumu yote manne, gia ya chini ya kuvutia au gia ya kwanza iliyo nzito sana, na vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma. Honda walianza kuuza ya kwao yenye nguvu kwa magurudumu yote manne mwaka wa 1986, akasema Fundi, na tangu hapo wakulima wa nchi nyingi wameziacha za cheni kwa wanaocheza.

Saa 3

Ile nyekundu. Ilikuwa ya kukodishwa ufukweni. Rangi mpya, kiti kipya, vibandiko vipya. Fundi hakuigusa rangi. Alifungua kisanduku cha chujio la hewa, akatoa chujio, akapitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye injini, akanionyesha: chembe za mchanga. "Kaka, mchanga ukishapita hapa, umekwisha kula silinda." Tukaiwasha. Moshi wa buluu, wala haukuisha injini ilipopata moto, maana yake oili inaungua. Cheni imechakaa, na hata ingekuwa mpya, haina gia ya chini. Kuisukumisha bamba la mchanga ni kuiua kwa mwezi mmoja.

Kijana aliyekuwa akiiuza alikuwa na adabu, tukamshukuru tukaondoka. Dakika 20 zilitosha.

Saa 4 na nusu

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi leo.

Mzee mmoja wa Kitaliano, mkazi wa Malindi tangu zamani, anauza vitu vyake arudi kwao. Kiswahili chake ni safi. Kwadi yake aliileta kutoka kijiji chao cha milimani, na kule kazi yake ilikuwa moja: kusukuma theluji. "Usiku inaanguka, asubuhi mlango haufunguki," akasema, na mimi nikacheka kwa furaha kwa sababu ni maneno yangu yenyewe, badili theluji uweke mchanga.

Bamba lake liko ukutani, chuma kilichopinda, upana wa mita 1 na nusu. Akatueleza linavyofanya kazi. Hushikwa na mikono miwili mirefu inayofungwa kwenye sahani ya chuma chini ya tumbo la kwadi, si kwenye bampa, ili nguvu iingie kwenye fremu. Winchi ya mbele ndiyo inayoliinua na kulishusha. Lina springi zinazoliachia lilale likigonga jiwe, badala ya kuvunja kitu. Chini lina soli mbili za chuma, unazirefusha ili bamba lisichimbe barabara. Waya wa chuma wa winchi hukatika upesi kwa kuinua na kushusha mahali pamoja mara mamia, kwa hivyo yeye alifunga kamba ya nailoni.

Nikamuuliza kuhusu uzito. Theluji mpya, mita moja ya ujazo ni kilo 100 hivi, mara nyingine chini ya hapo; ile iliyolowa ni zaidi. Mchanga mkavu ni kama kilo 1,600. Kwa hivyo kule mtu aweza kusukuma theluji ya kufika gotini kwa mpigo mmoja, na sisi hapa tutaukata mchanga kidogo kidogo, bamba likiwa limekaa mshazari ili umwagikie pembeni, gia ya chini, bila haraka. Nimeyaandika haya kwenye daftari kwa sababu vijana wangu ndio watakaoiendesha.

Kisha tukaitazama yenyewe. Mita ya injini ilisoma saa 640 za kufanya kazi, na kilomita 3,400. Kilomita ni chache, mtu angefurahi. Fundi akagawanya kwa kidole hewani: kilomita 5 na kitu kwa kila saa. Huo ni mwendo wa mtu atembeaye. Maana yake saa nyingi za maisha yake ilikuwa ikisukuma, ikirudi nyuma, ikisukuma tena, mzigo wote ukiwa mbele. Ndiyo maana ukinunua kwadi usisome kilomita peke yake. Soma vyote viwili, kimoja kitakueleza kingine.

Tukainua mbele kwa jeki. Fundi akashika tairi juu na chini, akaitikisa: inacheza, beringi zimekwisha. Hilo ni jambo la kubadilisha, si la kukatisha tamaa. Alipolala chini na tochi ndipo alipokaa kimya. Kule kwao barabara humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hurushwa chini ya chombo kila siku ya baridi. Baadaye kikaja kuishi Malindi, karibu na bahari, kikapata chumvi nyingine. Pale sahani ya bamba ilipofungwa, ule mlingoti wa fremu umeliwa na kutu kutoka ndani. Fundi akasukuma bisibisi taratibu. Ikaingia. Na kando yake, kwenye kiungo cha kuchomelea, ufa mwembamba.

Injini ilikuwa nzuri, nasema kweli. Iliwaka kwa mguso mmoja, oili haina weupe wa maji, moshi hakuna. Moyo uliniuma. Lakini fremu ndiyo inayobeba nguvu yote ya bamba, na chuma kilichooza ndani hakichomeleki kikashika. Unachomelea kipande kipya juu ya uozo.

Tulimwambia ukweli. Mzee akalala chini mwenyewe, akatazama, akainuka akijipangusa, akasema hakuwa amejua. Nikamuuliza kama angeuza bamba na winchi peke yake. Akasema atafikiri, nimpigie jioni.

Saa 7

Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Fundi alikula bila kusema. Mimi nilikuwa nikiona mchanga langoni.

Saa 8 na nusu

Matatu nyingine, kusini, hadi karibu na Gede. Mama mwenye shamba la miembe anauza kwadi yake: ameacha kulima mwenyewe, na watoto wake wako mbali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mwaja kununua au mwaja kutazama?"

Honda Foreman, rangi imefifia, kiti kimeshonwa kwa gunia, plastiki ya mbele imepasuka na kufungwa kwa waya. Mwenye kiwanja angeiona kwenye picha asingeifungua. Saa 1,230, kilomita 14,800: kilomita 12 kwa saa, mwendo wa kwenda na kurudi shambani na mzigo wa kiasi. Giaboksi yake ni ya gia za chuma, haina mkanda wa mpira. Kwenye kwadi za mkanda, mtu akisukuma mzigo mzito katika gia ya juu mkanda huungua, na anayeuza hakwambii. Kwa hii hilo halipo.

Fundi alirudia yote tangu mwanzo. Chujio safi, limepakwa oili kama inavyotakiwa. Raba za ekseli za mbele, zile zinazofunika jointi, ni nzima ila moja iliyoanza kupasuka. Raba ikiachwa wazi mchanga huingia kwenye jointi, na jointi ni ghali kuliko raba mara nyingi. Oili ya difu ya mbele nyeusi lakini haina maji. Beringi zimekaza. Fremu imechubuka, imejaa tope kavu, na bisibisi ilipiga chuma kila mahali, kwa sauti ile ya chuma kigumu. Nambari za fremu na za kwenye karatasi ni zile zile.

Tairi zilikuwa ngumu kama za lori. Kijana wa shamba alizijaza kwa pampu ya boda hadi paundi 30. Kwadi yataka upepo kidogo sana, kibandiko cha kipimo kiko pale pale kwenye madigadi. Tairi laini hulala juu ya mchanga, ngumu huchimba. Fundi akazipunguza, kisha nikaiendesha hadi kwenye mchanga wa kando ya shamba, nikaweka nguvu kwa magurudumu yote manne. Usukani ukawa mzito kidogo, na nilipotazama nyuma niliona alama: mbele zinavuta, nyuma zinasukuma. Ikapanda tuta bila kelele.

"Chombo hiki kimenisomeshea watoto," Mama akasema. "Nimekitunza."

Na kweli amekitunza. Alitaka laki 5 na 20. Nilipunguziwa hadi laki 4 na 90, na sikusukuma zaidi ya hapo. Nikampigia mwenye kiwanja, nikamtumia picha ya bisibisi ndani ya ile fremu ya asubuhi kwanza, kisha picha ya kiti cha gunia. Alinyamaza. Halafu akatuma arubuni kwa M-Pesa.

Saa 12 jioni

Mzee wa Kitaliano alipokea simu mlio wa kwanza. Bamba, mikono yake, sahani, winchi na kamba, vyote kwa elfu 60. Tulivipakia kwenye pikapu ya jirani ya Fundi. Sahani haitoshei Honda moja kwa moja, matundu hayalingani. Fundi atakata nyingine ya milimita 6 kesho, aifunge kwa boliti kwenye fremu pande zote mbili bila kutoboa mlingoti wowote. Kwadi yenyewe italetwa kesho kwa pikapu hiyo hiyo.

Saa 3 usiku

Vijana walikuwa wameshalala, wamechoka. Njia iko wazi nusu. Nimewaandikia kwenye daftari: kwadi haitashuka ufuoni hata mara moja, kwa sababu kasa hutaga pale, haitabeba abiria, mtoto haigusi. Bamba nimeliegemeza kwenye mwembe na nimepima kwa futi matundu ya sahani, sentimita 21 kutoka moja hadi jingine, nikamtumia Fundi. Upepo bado unavuma.