Barabara ya Tanzam na miji iliyoota pembeni yake

Tanzam, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, inaeleweka vizuri ukianzia Novemba 1965. Tarehe 11 ya mwezi huo walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita huko, ikajikuta imebanwa. Ikabidi mafuta yasombwe kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, sehemu kubwa ya njia ikiwa bado vumbi. Masika yakiingia, lori linazama kwenye tope mpaka ekseli. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968, na lami ikafuata.

Wengi hudhani reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, inafuatana na barabara mwanzo mwisho. Sivyo. Reli inapita Kilombero, inapanda milima baada ya Mlimba, ndipo inaikuta barabara Makambako. Iringa ikabaki bila reli. Ndiyo maana nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinategemea lori, na barabara ikifungwa siku mbili, nyanya zinaozea kwenye matenga. Makambako imepata reli, lami na njia panda ya Njombe na Songea. Isingekosa kuwa mji.

Hata Iringa yenyewe ina sura mbili: mji wa zamani uko juu mlimani, magari makubwa yanapita chini, Ipogolo, na biashara ya safari ikashuka kuyafuata.

Kisha kuna mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Kupanda ni suala la subira. Hatari iko kwenye kushuka. Dereva akishuka na gia kubwa, mzigo wote unabaki kwenye breki za mguu. Ngoma za breki zinachemka, breki zinapoteza mshiko, na hapo hata ukanyage vipi gari halisimami. Wazoefu husimama juu, wanakagua presha ya upepo wa breki, wanaingiza gia ndogo kabla ya mteremko na kuiacha injini izuie gari. Breki inakanyagwa kwa nguvu kwa muda mfupi mpaka mwendo upungue, inaachiwa ipoe, inakanyagwa tena. Kubadili gia katikati ya mteremko ni kosa kubwa: ikigoma kuingia, lori linabaki huru. Na moshi ukionekana kwenye matairi, paki hapohapo, weka vigingi kwenye magurudumu, usimwagie maji ngoma iliyochemka, maana inapasuka.