Visigino Vyangu na Vyuma Nilivyonyanyua Nusu

Kwa miaka mitatu niliamini, kama wanavyoamini wengi ninaofanya nao mazoezi hapa Mwanza, kwamba anayenyanyua vyuma hana budi kukubali mwili ukakamae, na kwamba mwenye kutaka viungo laini aachane navyo. Imani hiyo ilivunjikia uani kwa mama, Kirumba. Nilikuwa nimeleta sato wawili kutoka soko la samaki la Mwaloni, nikachuchumaa niwapare, visigino vikakataa kugusa chini, nikalazimika kuomba kigoda. Mama amevuka miaka 60, na hupara samaki akiwa amechuchumaa hadi beseni lijae. Alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hizo nguvu ni za kazi gani?"

Nilirudi kwenye mazoezi nikiwa na swali hilo, nikaanza kujichunguza. Nilikuwa nikibeba kilo 80 mabegani na kushuka robo tu ya njia, kisha nikisimama upesi, kwa sababu uzito mkubwa ulinipa sifa na kushuka chini kulinipa hofu. Mwili hujijenga pale unapofanyishwa kazi. Mimi nilikuwa nimejenga nguvu za robo ya juu peke yake, na huko chini hapakuwa na kitu.

Tazama vijana wanaoshusha magunia ya dagaa pale Mwaloni. Kijana huchuchumaa mpaka paja ligusane na shavu la mguu, nyayo zote zikiwa chini, mwenzake akamtwika gunia, naye huinuka nalo polepole mgongo ukiwa umenyooka. Nguvu na unyumbufu vimo katika tendo moja.

Hoja hii si mpya. Mwaka 1940, katika Chuo cha Springfield nchini Marekani, Peter Karpovich, mtaalamu wa fiziolojia, yaani utendaji wa mwili, aliyeamini kwamba vyuma huukakamaza mwili na kuufanya mzito, alimshuhudia John Grimek, bingwa wa kutunisha misuli, akipiga msamba na kugusa sakafu kwa viwiko bila kukunja magoti. Karpovich hakuishia kushangaa: mwaka 1951 yeye na William Zorbas walichapisha utafiti juu ya wanaume 600, nusu yao wanyanyua vyuma, na mikono ya wanyanyua vyuma ndiyo iliyozunguka kwa kasi zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2021 nayo yalionesha kwamba mazoezi ya nguvu huongeza upeo wa viungo kusogea kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha kujinyoosha.

Sababu yake naiona katika mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya ugumu tunaouhisi ni ulinzi wa mishipa ya fahamu, ambayo huuzuia msuli usifike mahali ambapo haujazoea kuvutwa. Ukiuzoesha kufanya kazi pale pale, ulinzi hulegea. Pili, unaposhusha uzito taratibu, msuli hufanya kazi huku ukirefuka, na baada ya wiki kadhaa nyuzi zake zenyewe huongezeka urefu.

Basi nilishuka hadi kilo 20. Nilihesabu hadi nne nikishuka, nikatulia chini kabisa, kisha nikapanda. Kwa misuli ya nyuma ya mapaja niliinama na uzito mikononi, magoti yakiwa yamelegea kidogo tu, mpaka nikahisi mvutano. Ilikuwa aibu mwanzoni, maana waliokuja juzi walinizidi uzito. Kujinyoosha sikuacha, na anayetaka kupiga msamba bado anahitaji kujinyoosha, ila nimeanza kufanya hivyo mwisho wa mazoezi, kwa kuwa kuushikilia msuli mmoja katika mvutano kwa zaidi ya sekunde 60 kabla ya kunyanyua hupunguza nguvu zake kwa muda.

Ilichukua miezi mitano. Kifundo cha mguu wa kulia bado ni kizito asubuhi, hasa kukiwa na baridi ya ziwani, lakini Jumapili iliyopita nilipara sato watatu uani kwa mama, visigino vikiwa chini, na kigoda alikuwa amekikalia yeye.